Sabufa ya "wati 15,000": mziki upo, ila lile boksi halipigi chuku, linafunga watu kamba

Jamani kwa wenye haraka jibu ni hili: sabufa yenyewe ni nzuri, chukua. Besi ipo, zile spika ndogo mbili zina sauti safi, na kwa sebule ya kawaida inatosha na kusaza. Ila mi nataka niongelee zaidi boksi lake na maneno ya aliyeniuzia, maana siku hizi ukinunua sabufa unabeba vitu viwili, unabeba mashine na unabeba stori yake, na stori za hizi mashine zimetiwa chumvi ya kukaushia papa mzima.

Kampuni siitaji. Hata ningeitaja isingekusaidia, kwa sababu ukisimama mbele ya rafu ya sabufa utaona mchezo ni uleule, huyu kaandika 8,000, mwenzake 12,000, wa kwangu 15,000, na zote ukizigeuza nyuma zinakaribiana tu.

Muuzaji alikuwa na maneno huyo. Bosi, hii ukiifungulia mtaa wa pili wanahama. Besi yake inapiga mpaka moyo unabadilisha upande. Ukifika sauti nusu bati lenyewe linaomba radhi. Nilicheka, na yeye akacheka, na hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Hiyo ndo chuku, chuku halali, inayopigwa mchana kweupe mbele ya watu. Hakuna mteja aliyewahi kurudi dukani na risiti mkononi kulalamika kwamba mtaa wa pili bado wapo.

Tatizo lilianza alipogeuza boksi upande wa mbele. Pameandikwa kwa herufi za dhahabu, kubwa kuliko jina la kampuni, PMPO 15,000W. Akaiwekea kidole, kicheko kikaisha, sauti ikawa ya daktari anayesoma majibu: "Wati elfu kumi na tano hizo, na siyo maneno yangu, imeandikwa." Hapo ndo tukaachana njia, kwa sababu ametoka kwenye chuku na kuingia sehemu nyingine kabisa, na naona watu wengi wanazichanganya hizi sehemu mbili.

Chuku ni kulikuza jambo kupita uhalisia wake kwa makusudi, ili anayesikia alihisi uzito wake. Waliosoma Kenya wanaijua kwa jina hilohilo kwenye tamathali za semi, waliosoma Tanzania wengi mwalimu aliwaandikia mubalagha ubaoni, na kitu ni kilekile. Mubalagha limetoka Kiarabu, shina moja na balehe, maana yake iko kwenye kufika, yaani jambo umelifikisha hadi mwisho wake na bado hukutaka kusimama. Alafu chuku ina maana nyingine kabisa, ni ile pembe ya kuumikia, anayeumika anaitega kwenye ngozi iliyochanjwa na kuvuta damu, na huyo naye tunasema anapiga chuku. Kwa hiyo mzee akikwambia kapigwa chuku mgongoni usidhani kuna mtu kamsimulia uongo. (Na angalieni simu zenu, ya kwangu kila nikiandika chuku inageuza inakuwa chuki. Nilituma kwenye grupu kwamba muuzaji ana chuku nyingi, ikaenda ana chuki nyingi, watu wakaanza kuuliza kanikosea nini.)

Sasa ndani ya huo ukoo kuna ndugu wengi na kila mmoja ana kazi yake. Kutia chumvi ni lazima chakula kiwepo kwanza. Jambo limetokea kweli, ila wewe umeliongezea, walikuwa watu sita umesema ishirini, mbwa alibweka umesema alikutimua hadi barabarani. Kupiga chuku unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye lisilowezekana na hakuna atakayekukamata, "nimecheka nikafa", "foleni inaanzia jana", "nimekusubiri mpaka nimeota mvi". Kujimwambafai ni chuku ya kujipaka mwenyewe, hiyo haihitaji maelezo, fungua status za watu asubuhi. Na kumfunga mtu kamba, au kupiga fiksi, hapo chuku imeshakufa, hapo mtu anataka uamini. Wakenya nao wana stori za jaba, yaani za watafuna miraa, ambazo kwa sikio langu zinakaa katikati ya vyote hivyo, msimuliaji mwenyewe ukimwangalia usoni huwezi kusema kama anaamini au la.

Kinachotenganisha chuku na uongo si ukubwa wa maneno. Watu wanakosea hapo. Wanadhani ukizidisha kidogo ni chumvi na ukizidisha sana ni uongo, wakati mambo yako kinyume, ukizidisha sana ndo salama kwa sababu kila mtu anaona. Moyo kubadilisha upande hauwezi kumdanganya mtu. Chuku inakuja na alama zake, inapenda "mpaka" na "hadi" na "nusura", inapenda vitu visivyowezekana, na ikitumia namba inatumia za duara, mara mia, mara elfu, miaka mia. "Nimekupigia simu mara elfu!" Hakuna atakayefungua simu yake kuhesabu. Sasa jaribu kumwambia mtu umempigia mara 437 uone, atafungua, atahesabu, na ugomvi utakuwa mpya kabisa. Namba ikishavaa sura ya kipimo, chuku imetoka. Na ukishaweka ile W mwishoni umeingia kwenye fizikia, umeacha mambo ya lugha, sa tukuhukumu kwa fizikia.

Haya tuihukumu.

Wati 15,000 kwa umeme wa volti 230 maana yake ni ampea 65 na ushee. Plagi ya pini tatu tunayochomeka ukutani ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na 13 mara 230 haifiki hata wati 3,000. Kwa hiyo hii mashine kama ingekuwa inakula inachodai, fyuzi ingelia kabla ya wimbo haujafika kwenye kiitikio. Ni pasi 15 za wati 1,000 zimechomekwa pamoja kwenye ukuta mmoja, na waya wenyewe ninaouona hapa ni mwembamba kuliko wa pasi.

Geuza sasa mashine nyuma. Chini ya tundu la waya, kwenye stika ndogo nyeupe iliyobandikwa imepinda kama ya mtu aliyekuwa anakimbia, kuna maandishi ya kusoma kwa tochi ya simu: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Sitini. Hiyo ndo namba ya kweli kwenye boksi zima na ndo imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa zaidi ya wati 60 za kudumu kwenye spika, na kwa kweli inatoa pungufu, kwa sababu sehemu inapotea kama joto, shika chuma cha nyuma baada ya saa moja utalihisi. Kutoka 60 hadi 15,000 ni mara 250. Hata wavuvi wakisimuliana samaki aliyewaponyoka hawafiki huko.

Kwani hiyo PMPO ni nini? Ni nguvu ya kilele. Kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme vilivyomo ndani, zinaweza kumwaga umeme mwingi kwa kitambo kidogo mno, sehemu ndogo ya sekunde, basi mtu anachukua hicho kilele, anakijumlisha kwa kila spika, anazidisha kwa anavyojisikia, anaandika. Hakuna kiwango kinachokubalika cha kuipima, kila kiwanda na kalamu yake. Kipimo chenye adabu kinaitwa RMS, kinasema mashine inaweza kushikilia nguvu kiasi gani mfululizo bila sauti kuharibika, na ndo maana kwenye boksi langu RMS haipo popote, nimetafuta hadi chini. Huu ugonjwa ni wa siku nyingi, Marekani watengenezaji wa amplifaya waliandika wati za ajabu mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za mashine za muziki wa nyumbani.

Na kinachonichekesha ni kwamba hata hizo wati zingekuwa za kweli sikio lisingezifaidi hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, hicho ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, tofauti ambayo ukiwa unaongea na mtu pembeni unaweza usiisikie. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo hizo mara 250 walizojiongezea, hata wangezitoa kwa dhati, ungesikia sauti kubwa kama mara tano hivi. Sikio letu lenyewe limezaliwa linajua kupunguza chumvi.

Wanasheria hili la chuku na uongo walishaligombania zamani. Waliosoma sheria ya mikataba wanaikumbuka kesi ya Carlill dhidi ya kampuni ya Carbolic Smoke Ball huko Uingereza, 1892. Kampuni ilikuwa inauza kifaa cha kuvuta moshi wa dawa puani, ikatangaza gazetini kwamba atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili alafu akapata mafua makali atalipwa pauni 100, na kuonyesha hawatanii wakasema pauni 1,000 ziko benki tayari. Mama Carlill akatumia, akaugua, akadai chake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya biashara tu, kwa lugha yetu walisema tulikuwa tunapiga chuku mheshimiwa. Mahakama ya rufaa ikawagomea. Umetaja kiasi, umetaja masharti, umetaja na benki, hiyo siyo chuku, hiyo ni ahadi, lipa. Mi nikiangalia boksi langu naona ndo palepale, "mtaa wa pili wanahama" ni chuku, 15,000W ni pauni 100.

Nirudi kwenye mziki wenyewe maana nimeshawachosha.

Besi ni nzito na ya duara, haina ule mgongano wa mbao unaousikia kwenye sabufa za kasha jembamba. Niliiweka kwanza katikati ya ukuta ikawa ya kawaida, nikaisogeza kwenye kona ikabadilika kabisa, kuta mbili zinairudishia besi, na hiyo ni bure, kabla hujalalamika kwamba yako haina mziki isogeze kona. Kwenye zouk na rhumba gitaa la besi linatembea unalifuata noti kwa noti. Kwenye singeli inachanganyikiwa kidogo, ile kasi inaizidi, midundo inagandana. Maneno ya waimbaji yanasikika vizuri mpaka sauti kama asilimia 70, ukipita hapo mwimbaji anaanza kuzama na besi inapanda juu yake, ukifika mwisho kabisa inakoroma. Kioo cha dirisha langu kina skrubu moja iliyolegea, nacho kinaimba kwenye kila noti ya chini, kwa hiyo ule mtikisiko wa muuzaji tuseme upo, umeanzia na kuishia kwenye kioo kimoja.

Boksi linadai pia inacheza kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani mitetemo kwa sekunde, chache ni besi na nyingi ni sauti nyembamba. Hapo ndo upana wote wa sikio la binadamu, yaani wamechukua sikio wakaliandika kama spika. Kwa spika ya inchi 6 na nusu hezi 20 ni ndoto, ukiipigia toni ya chini hivyo unaona ngozi ya spika inaenda na kurudi na husikii kitu, ni upepo tu unatoka kwenye tundu la pembeni. Hilo tundu lifunike kwa wavu jamani, mende wanapenda joto la mle ndani.

Bluetooth inashika haraka na haikatiki ukiwa chumba kimoja. Boksi limeandika mita 30, na kwa hiyo sina hasira sana maana umbali unategemea kuta zako, ila ukiwa na ukuta mmoja katikati hesabu mita kama 8 hivi, ukienda jikoni na simu mfukoni wimbo unaanza kukwaruza. Kero kubwa ni yule dada wa ndani ya mashine anayetangaza kwa Kiingereza kwamba simu imeunganishwa. Anapiga kelele kuliko mziki wote, sauti yake haipungui hata ukizungusha kitufe hadi mwisho, na ukiwasha saa tano usiku nyumba nzima inajua. Huyo dada ndo kitu pekee kwenye hii mashine kinachofikia wati 15,000.

Redio inashika stesheni kubwa bila shida ilimradi ule uzi wa antena uunyooshe na kuubandika ukutani, ukiuacha umejikunja nyuma unapata chenga. Flashi inasoma, lakini inapanga nyimbo inavyotaka yenyewe. Rimoti ni ya plastiki nyepesi, kitufe cha besi na cha sauti vimekaa jirani mno, gizani utapandisha kisicho chako. Taa za mbele zinawaka rangi zote na hazizimiki, nimebandika gundi ya karatasi, imekwisha hiyo. Tundu la maiki lipo, mwangwi wake ni wa ukumbi wa harusi na huwezi kuupunguza, wenye kupenda kutoa hotuba watafurahi.

Kijitabu cha maelekezo kinanifurahisha kwa namna yake. Kwenye boksi ni chuku na kamba, ukifungua ndani unakuta tafsida, yaani kinyume chake kabisa. Hakisemi itakoroma, kinasema "sauti inaweza kubadilika kidogo katika kiwango cha juu". Hakisemi itachemka, kinasema "ni kawaida kifaa kuwa na uvuguvugu". Nje wanakuza, ndani wanapooza, alafu ukweli umebaki kwenye ile stika iliyopinda.

Sasa mtu ataniuliza kwa nini naipa alama nzuri wakati nimeisema hivi. Kwa sababu wati 60 za ukutani kwa sebule ni nyingi. Watu wamedanganywa na hizi namba kwa muda mrefu mpaka ukimwambia mtu sabufa yake ina wati 60 anaona umemtukana mzazi wake. Mziki wa kawaida wa kusikiliza huku mnaongea unatumia wati chache mno, hata tano hazifiki. Mwenye kiwanda angeandika ukweli mbele kwa herufi zilezile za dhahabu bado ningeinunua, shida yake ni kwamba jirani yake rafuni kaandika 12,000, na ukweli wa 60 ukikaa pembeni ya huo uongo unaonekana kama ugonjwa. Hapo simlaumu muuzaji peke yake, na wanunuzi tumeshiriki, kuna kaka nilimkuta dukani anabagua sabufa kwa kusoma sifuri tu, haijawashwa hata moja.

Mwenye ukumbi, baa au anayekodisha mziki wa sherehe hii siyo yako, usidanganywe na sifuri, utaiunguza wiki ya kwanza. Mwenye sebule, chumba, au kibanda cha kunyoa nywele itakufaa sana. Sabufa naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya yule dada. Boksi nalipa nyota moja na hiyo ni ya kadibodi, ni gumu kweli. Muuzaji naye nampa 3, zingekuwa 5 kama angeishia kwenye bati kuomba radhi.

Ukienda kununua, ya kampuni yoyote ile, mwambie aigeuze nyuma kwanza usome stika, alafu aichomeke na acheze wimbo unaoujua wewe, siyo ule wa kwenye flashi yake ambao umechaguliwa kwa besi. Akikwambia haiwezi kufunguliwa boksi mpaka ulipie, ondoka, maduka yapo mengi mpaka yanakanyagana.